Kriketi ya Baba

Sussex, Uingereza
20 Agosti 2023

Kwa Baba mpenzi, na Dada Sijaona,

Assalam alaykum. Natumaini barua hii itawakuta wazima wote hapo Kinama, joto likiwa limepungua kidogo na majirani wakiwa na amani. Mimi ni mzima, Alhamdulillah. Kazi ya kutunza wazee inaendelea, mgongo unauma jioni, asubuhi unasahau. Huku wanaita hiki kipindi kiangazi, lakini jana nimevaa koti.

Baba, leo nina habari yako kabisa. Katika nyumba hii ya wazee ameletwa mzee mmoja, jina lake Akehurst, umri miaka themanini na tisa. Kwa miaka arobaini yeye ndiye aliyekuwa akiandika mabao ya timu ya kriketi ya kijiji chao. Nilipomwambia kwamba Baba yangu alikuwa mtandika mkeka wa kriketi wa Wahindi wa Bujumbura, ule ambao mpira hudunda juu yake, kila Jumapili, alinishika mkono akakataa kuniachia. Aliuliza mkeka ulikuwa na urefu gani, mlikuwa mnaupigilia misumari mingapi, na mvua ikinyesha mnafanyaje. Nilimjibu nilivyoweza.

Amenieleza jambo ambalo najua utalipenda. Zamani huku, hata timu moja ilikuwa na watu wa aina mbili. Walikuwepo waungwana, ambao hawakulipwa, na walikuwepo wachezaji wa kulipwa, watoto wa mafundi na wachimba makaa. Wanacheza pamoja, lakini wanabadilishia nguo vyumba tofauti, na kwenye viwanja vikubwa wanaingia kwa malango tofauti. Hata kwenye karatasi ya mabao, herufi za mwanzo za majina ya muungwana zinatangulia jina la ukoo, za mlipwaji zinafuata nyuma. Mambo hayo yalifutwa mwaka 1962, mwaka uleule tuliopata uhuru wetu. Basi wewe uliyekuwa ukipitisha mkeka wako mlango wa nyuma hukuwa peke yako, Baba. Hata wenyewe walikuwa na mlango wa nyuma.

Dada, nakushukuru kwa kumsomea. Msomee taratibu, upande wa sikio la kulia.

Mwanao,
Uthmani


Kinama, Bujumbura
17 Septemba 2023

Mdogo wangu Uthmani,

Waalaykum salam. Barua yako ilifika Jumanne, imechakaa pembeni lakini inasomeka. Sisi wazima. Houda wa nyumba ya jirani amejifungua mtoto wa kike. Petroli imekuwa shida tena, kwa hiyo kutoka hapa mpaka posta ya mjini nilitembea kwa miguu kwenda na kurudi, na magoti yangu unayajua.

Nimemsomea Baba barua yako mara nne kwa siku mbili. Ilipofika ile ya mlango wa nyuma alicheka mpaka nikaogopa atapaliwa. Akaniambia nirudie, nikarudia. Halafu akaja Mzee Radjabu kumjulia hali, nikaambiwa nisome tena, na Baba akawa anamtazama mwenzake kwa macho yake yale yasiyoona, kusubiri acheke. "Huyu mutoto anajua kuandika," akasema. "Ni kama mi niko kule kwao."

Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya uji, umepoa. Nimemlisha uji ule kijiko kwa kijiko na hakuna aliyesema huyu mtoto anajua kulisha.

Nasema kwa utani, usinune. Lakini umenigawia mstari mmoja tu, Uthmani, na mstari wenyewe ni wa kunifundisha sikio la Baba. Nalijua sikio la Baba. Nina miaka sita naongea nalo.

Baba anakusalimu na anauliza yule mzee wako anakula nini asubuhi.

Dada yako,
Sijaona


Sussex
29 Oktoba 2023

Kwa Baba mpenzi, na Dada Sijaona,

Assalam alaykum. Nimefurahi kupata habari zenu na mtoto wa Houda, Mungu amkuze. Baridi imeanza, saa kumi na moja jioni giza limeingia.

Baba, Mzee Akehurst asubuhi anakula yai moja la kuchemsha na mkate ambao lazima ukatwe vipande vyembamba vya kuchovya, la sivyo anakataa. Chai yake ni ya maziwa, sukari nusu kijiko. Nimeshamzoea, hata wenzangu akiwakasirikia wananiita mimi. Siku hizi ananiita mwanangu.

Amenipa kisa kingine. Mwaka 1611, hapahapa Sussex, wanaume wawili walishtakiwa mbele ya watu wa kanisa kwa sababu siku ya Pasaka walicheza kriketi badala ya kwenda kusali. Walitozwa faini na wakalazimishwa kutubu. Mzee anasema baadaye mambo yaligeuka kabisa, mapadri wenyewe ndio wakawa manahodha wa timu za vijiji. Alicheka sana kunieleza. Nikamwambia hata Baba yangu alikuwa akizozana na imamu kwa sababu ya uwanja.

Dada, usiwe na wivu. Najua unafanya kazi kubwa. Mwenyezi Mungu atakulipa.

Mwanao,
Uthmani


Kinama
2 Desemba 2023

Uthmani,

Salamu. Tuko wazima. Mvua zinanyesha, paa linavuja upande wa jikoni na nimeweka sufuria. Mtoto wa Houda anaitwa Kudra.

Barua yako nimemsomea Baba yote, isipokuwa pale uliposema yule mzee anakuita mwanangu. Hapo niliruka. Sikuruka kwa ajili ya Baba, nisikudanganye. Niliruka kwa ajili yangu.

Unajua yai la mzee wa watu linachemshwa vipi. Sasa na mimi nikuulize la kwetu: Baba anakula nini asubuhi? Hujui kwamba tangu mwezi wa sita hatafuni nyama. Hujui kwamba ndagala namsagia pamoja na miiba yake, kwamba isombe ya majani ya muhogo anaikataa ikiwa na chumvi, kwamba viatu vyake vyote nimegawa kwa sababu miguu imevimba. Hujauliza. Na unaniandikia Mungu atanilipa, kana kwamba mimi ndiye niliyekwenda kutafuta kazi kwake.

Umeniambia nisiwe na wivu. Ninao, Uthmani. Nimekuwa nao tangu nina miaka kumi na miwili na wewe saba. Mkeka ule wa nyuzi za nazi ulikuwa ukichanika kila wiki, Baba anauleta nyumbani Jumamosi, na ni mimi niliyekuwa nikishona kingo zake kwa sindano ndefu ya magunia, vidole vinatoka damu. Jumapili asubuhi anauviringisha, anauweka kwenye mkokoteni, na wewe anakuketisha juu yake. Mnakwenda. Mimi nabaki mlangoni. Siku moja nilimwomba niende. Alisema uwanjani hakuna watoto wa kike. Sijawahi kuona mkeka wangu umetandikwa, wala mpira ukidunda juu yake.

Sasa mimi ni mwalimu mstaafu, mjane, na bado nashona ili wewe uketi juu yake.

Usinipigie simu kuhusu barua hii. Kwenye simu unacheka, na Baba yuko chumba hikihiki. Niandikie. Aya moja tu iwe yangu.

Sijaona


Kinama
14 Januari 2024

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka mpya. Sisi wazima. Sijapata jibu lako. Labda posta, labda umenuna. Ikiwa umenuna, nimekosea kusema yote kwa pumzi moja, lakini sikukosea kuyasema.

Baba anauliza kila siku kama barua imefika. Kila nikitoka anadhani naenda posta. Nikirudi na nyanya ananyoosha mkono apewe bahasha. Juzi hakula. Jana hakula. Amegeukia ukutani. Tafadhali andika, hata kama ni ya yai la yule mzee. Nakuomba mimi, niliyekuwa nimesema nisingekuomba.

Sijaona


Kinama
21 Aprili 2024

Kwa mwanangu Uthmani,

Hii ni barua ya Baba yako. Mimi nasema, Sijaona anaandika, na akimaliza atanisomea kabla ya kufunga.

Assalam alaykum. Idi tumesali salama. Nimevaa kanzu ile nyeupe uliyoleta, imenizidi kidogo kwa sababu nimepungua. Mwili una uchovu lakini kichwa kizima. Mzee Radjabu ametangulia mbele ya haki siku ya nane ya Ramadhani, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mwanangu, nakushukuru kwa barua ya Januari, ya Februari na ya Machi. Barua zako za mwanzo zilikuwa nzuri, lakini zilikuwa za yule mzee wako. Hizi tatu ni zangu. Ile ya matajiri waliokuwa wakimwajiri mtu bustanini kwa sababu tu anajua kurusha mpira, halafu uwanjani mtunza bustani anamtoa bwana wake nje ya mchezo bila kumuomba radhi, hiyo nimeipenda sana. Na pale ulipoandika kuhusu mkeka wetu, jinsi unavyonuka ukilowa, na jinsi sindano ya magunia inavyokwama kwenye fundo la uzi, nililia. Sikujua kwamba ulikuwa unaangalia. Ulikuwa mdogo sana.

Lakini iliyonishinda ni ya Machi, ya wale wasichana. Mwaka 1745, wasichana kumi na mmoja wa kijiji kimoja na kumi na mmoja wa kijiji kingine, wote nguo nyeupe, wengine utepe wa buluu kichwani na wengine mwekundu, na gazeti likaandika kwamba walirusha, walipiga, walikimbia na walidaka vizuri kama wanaume wengi. Nimeishi na kriketi nusu ya umri wangu na hakuna Mhindi aliyeniambia hilo. Uliniuliza mwishoni mwa barua wale wasichana walitandikiwa mkeka na nani. Nimeliwaza swali lako siku nyingi.

Hujawahi kuniandikia hivi. Endelea hivyohivyo, mwanangu. Naishi kwa hizo.

Baba yako,
Khaled

(Uthmani, ni mimi. Kanisomesha mara mbili kabla ya kufunga. Ningeweza kuruka sehemu, haoni kilichoandikwa. Nimeamua nisiruke. Nilitaka usome. S.)


Sussex
26 Mei 2024

Dada Sijaona,

Hii ni yako peke yako, usimsomee Baba.

Salamu za kawaida utanisamehe, sina. Mimi tangu Oktoba sijaandika kitu. Hakuna Januari, hakuna Februari, hakuna Machi. Nimesoma barua ya Baba nimesimama jikoni kazini, nimeirudia nikiwa kwenye basi, na kila nikirudia uso unawaka. Ananishukuru kwa sindano ambayo sijawahi kuishika. Analia kwa maneno ambayo si yangu.

Nitakuambia kitu, ucheke ukitaka. Nimemwandikia Baba barua kumi na moja tangu nifike huku, nyingine nimeziandika baada ya zamu ya saa kumi na mbili mfululizo, macho yanafumba. Hajawahi kuniambia kwamba anaishi kwa hizo. Wewe umeandika tatu, umesaini jina langu, na amekupa yote. Nina wivu, Dada. Nimeona wivu juu ya jina langu mwenyewe. Niliposoma "hujawahi kuniandikia hivi" niliikunja ile karatasi nikataka kuitupa.

Ulitumia bahasha gani? Baba alishika nini mkononi?

Na sasa nikujibu ulichoniuliza Januari. Sikununa. Mzee Akehurst alifariki tarehe 20 Novemba, asubuhi, mimi nikiwa nimemshikia kikombe. Nililia mpaka msimamizi akanipeleka nyumbani. Wanawe walikuja siku mbili baadaye, wakaniuliza kama alisema lolote, nikawaambia aliwataja. Hakuwataja. Barua yako ya Desemba ilinikuta hivyo. Nikaisoma pale ulipouliza Baba anakula nini, nikaona nimemlilia baba wa watu, na wa kwangu sijui kama anatafuna. Kila nikishika kalamu nilikuwa naona hilo. Na kriketi yote niliyokuwa nayo ilikuwa ya Mzee. Yeye alipoondoka sikuwa na cha kumwandikia Baba.

Lakini hilo halikupi ruhusa. Mwambie ukweli. Mwambie ni wewe. Siwezi kuandika tena mpaka umwambie, maana nikiandika ya kwangu ataona imepungua.

Likizo yangu ni Agosti. Nimekata tiketi, nakuja.

Uthmani


Kinama
30 Juni 2024

Ndugu yangu Uthmani,

Waalaykum salam, hata kama hukunisalimu. Pole kwa Mzee Akehurst. Nasema kwa moyo, ingawa nilimchukia kwa miezi minne bila kumuona. Ungeniambia wakati ule ningekupa pole wakati ule.

Bahasha ilikuwa ya kwako, ile ya Agosti. Baba huwa anapapasa stempu kwa kidole gumba kabla sijafungua. Nilikuwa nafunga kwa gundi ya wanga, nampa apapase, halafu nafungua kwa kelele. Mambo ya kriketi nilisoma kwenye simu, kwa Kifaransa, usiku wa mega za intaneti za bei nafuu, na mengine nilitafsiri neno kwa neno kama zamani darasani. Januari nilifanya hivyo ili ale. Sikiliza, alikula. Nilimaliza kusoma akaomba ndagala. Februari nilifanya kwa sababu alikuwa ameanza kungoja. Ya Machi niliifanya kwa ajili yangu. Niliwapata wale wasichana, nikasema leo Baba atasikiliza habari ya watoto wa kike uwanjani, atake asitake.

Na alisikiliza, Uthmani. Kidogo amelia, kidogo amecheka, akanishika goti. Halafu akasema, "Uthmani wangu ana akili." Nilikwenda nyuma ya nyumba nikaosha sahani zilizokuwa safi. Unasema uliona wivu juu ya jina lako. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye, nimeshika barua niliyoandika mwenyewe, nakuonea wewe wivu kwa barua hiyohiyo. Ndipo nilipojua kwamba hata ningeandika mia zisingenifaa kitu.

Nimemwambia. Ni leo baada ya adhuhuri, Kudra amelala kwenye mkeka wetu kwa sababu Houda amekwenda Carama. Nilimwambia barua zako ziliishia Oktoba, kwamba yule mzee amekufa na wewe umefiwa, na kwamba zile tatu niliziandika mimi. Nilitaja moja moja asije akasema hakusikia.

Aliuliza kwa nini sikusema ni mimi. Nikamuuliza, "Baba, ningesema ni zangu, ungesikiliza?"

Unamjua Baba, hasemi uongo hata wa kumfurahisha mtu. Aliwaza vizuri, mikono juu ya magoti.

"Apana," akasema. "Nisingesikiliza."

Sikulia. Nimeshangaa mwenyewe. Nilihisi kama mtu aliyetolewa mwiba, inauma na umetoka. Kisha akaniambia nisikuambie kwamba amejua, utaona haya, hutaandika tena. Bado anakulinda, unaona. Nakuambia makusudi, na wala sioni aibu, kwa sababu nataka uandike. Andika ya kwako, hata iwe fupi. Muulize anakula nini. Sitaruka neno.

Nilidhani mambo yamekwisha, nikainuka kumletea maji. Akanishika nguo.

"Leo ni Jumapili," akasema. "Nisomee."

Nikamwambia hakuna barua, Baba, nimeshakuambia. Hakuna kilichofika.

"Najua. Andika basi. Mi nangoja."

Nimeuliza niandike nini. Amesema niandike kuhusu siku niliyobaki mlangoni, maana yeye alikuwa amegeuza mgongo anasukuma mkokoteni, hakuona. Amekaa hapa sasa hivi, mgongo wima, sikio la kulia limenielekea. Ameshauliza mara mbili kama nimemaliza. Nimemwambia namalizia kwanza ya Uthmani. Akasema, "Ya Uthmani inaweza kungoja."

Kwa hiyo utanisamehe, mdogo wangu, yako naikatia hapa.

Dada yako,
Sijaona